Meza ya Watu Wawili, Saa Sita na Dakika Kumi

Kissimmee, Florida
Juni 3

Lorna mwanangu,

Usiitupe kwanza. Najua umeshauona mwandiko na mkono wako uko juu ya ndoo ya takataka. Soma mistari mitatu, halafu utupe ukiwa na sababu.

Mimi mzima. Magoti tu ndiyo bado hayajapewa habari hizo.

Niko likizo, huku huku kwenye bustani ya michezo tuliyokuwa tukikuleta kila kiangazi tangu ulipokuwa na miaka minne na ukimwogopa yule panya mkubwa wa kitambaa. Panya yupo bado. Nadhani aliye ndani ni mwingine.

Wewe unayepanga mpaka siku ya kufua soksi, sikiliza maajabu. Siku hizi watu wanabuki meza ya chakula, wanaiandikisha jina lao, siku sitini kabla. Mtu amekaa Ohio mwezi wa Aprili, ameshiba, anapapasa simu kuwatangazia walimwengu kwamba Juni tisa, saa saba na robo, yeye na ukoo wake watakuwa na hamu ya samaki. Mimi sijui kama kesho nitaamka na meno yangu yote matano! Halafu wanafika, wamechomwa na jua, watoto wanalia, hamu ya samaki imekwisha, lakini wanakula tu kwa kuwa simu imesema.

Baba yako hana simu ya kupapasa na hajalala njaa hata siku moja. Nikupe siri? Usiulize kama kuna nafasi. Ukiuliza hivyo utajibiwa hakuna. Uliza, "Nikae wapi nisiwasumbue?" Nenda saa tisa, radi ikianza kunguruma, wakati wenye adabu wanakimbilia hotelini. Kaa kaunta. Kula chakula cha mchana wakati wa kutokula na cha jioni wakati jua bado linauma. Mlango wa jikoni ukifunguka, toa sura ya mjane.

Sasa neno lenyewe. Unaikumbuka Meza ya Malkia, ule mgahawa kule juu ya mnara? Oktoba ikiisha wanaifunga moja kwa moja. Nimefikiri, kabla hawajaifunga, mimi na wewe tukae pale dirishani tuwaangalie farasi wa mbao wanaozunguka na watu, kama mama yako alivyotaka siku ile mashine yao ya kubukia ilipopoteza jina letu. Miaka sita sasa. Mashine ni mashine, mwanangu, si kosa la mtu.

Njoo. Hatubuki. Tunatokea tu mlangoni kama mvua.

Baba yako asiyepangika,
Delbert


Corbin, Kentucky
Juni 14

Baba,

Nimesoma mistari mitatu, halafu iliyobaki, kwa kuwa ulikuwa wakati wa chakula cha mchana kazini na sikuwa na kitu kingine cha kusoma.

Jumamosi nilipita kwako kukata nyasi. Ndiyo, mimi ndiye ninayezikata. Ulidhani zinajikata? Mlango una kufuli, na kwa dirisha la jikoni nikaiona friji imechomolewa, mlango wake umeachwa wazi kwa gazeti lililokunjwa ili usiote ukungu. Mtu hachomoi friji kwa sababu ya likizo, Baba. Sijui uko wapi wala unafanya nini, na sikuulizi.

Unanicheka kwa kupanga. Kazi yangu ni kuandika watu miadi ya kung'olewa meno. Wengine nawaandika miezi mitatu mbele, na wanakuja. Wanajua wanakuja kuumizwa, na wanafika dakika kumi kabla. Kumbe binadamu anaweza.

Siku ile Mama alikuwa anatimiza sabini. Alikuwa amevaa ile blauzi ya njano. Alikula paja la bata mzinga kwenye karatasi, amekaa kwenye benchi, mtungi wa oksijeni katikati ya miguu, na mafuta yakamdondokea blauzi. Januari tukamzika. Wewe mpaka leo unaniandikia habari za mashine.

Nakuuliza jambo moja tu, na ukilijibu kwa mzaha sitaandika tena. Ulibuki, au hukubuki?

Lorna


Kissimmee
Juni 22

Lorna,

Huku kumekucha na joto la kuivisha mayai ndani ya kuku. Jana bata mmoja wa ziwani alipanda mezani akala viazi vya bwana mmoja kutoka Indiana. Bata hakuwa amebuki. Nilicheka mpaka mkanda ukafunguka.

Asante kwa nyasi. Mashine ya kukatia huwa inakohoa ikiwa baridi. Ipige teke mara moja upande wa kushoto, kwa upendo.

Friji ilikuwa inakula umeme bure.

Mnara upo. Naupita kila siku. Dirisha lile la mwisho, mtu akikaa pale anaona farasi wote mpaka yule mweusi mwenye sikio lililovunjika, ambaye mama yako alikuwa akimpanda kwa upande, kama bibi wa kizungu wa zamani, ilhali ni binti wa mchimba makaa. Unamkumbuka alivyokuwa akipunga mkono? Kila mzunguko, kana kwamba ametoka safari ya mwaka mzima.

Baba


Corbin
Julai 1

Baba,

Hukujibu.

Lorna


Kissimmee
Julai 9

Lorna mwanangu,

Karatasi hii ni ya nne. Tatu za kwanza zilikuwa na mzaha, nikazichana. Ukiona mzaha humu ndani ujue umepenya wenyewe, kama panya.

Kwanza, siko likizo. Nimehama. Tangu mwezi wa tatu nakaa kwenye nyumba ya magurudumu, uwanja mmoja na wastaafu wengine, jirani yangu mmoja anafuga kasuku anayetukana. Nilikuficha kwa sababu sikujua nikwambieje kwamba nyumba ya Corbin ilinishinda. Nilikuwa nikipika mayai mawili kila asubuhi, halafu nasimama nalitazama la pili.

Jambo la pili, usicheke. Nimeajiriwa. Naam, mimi, niliyetengeneza majiko ya kupashia nyumba joto miaka arobaini na shule nikaiacha darasa la nane, sasa ni tarishi wa malkia. Nimevalishwa suruali ya mahameli inayoishia magotini, na soksi nyeupe. Nina beji imeandikwa DELBERT, CORBIN KENTUCKY. Nasimama kwenye kimeza kidogo mlangoni kwa Meza ya Malkia, mlango ule ule, nikiwaambia watu ambao hawakubuki kwamba hakuna nafasi.

Cheka basi kidogo. Mama yako angekuwa ameshaanguka chini.

Msimamizi wangu ni mama mmoja wa Puerto Rico, Ivelisse Cordero, mfupi, mkali kama siki. Siku ya kwanza aliniambia (Don kwao ni Bwana), "Don Delbert, kazi hii ni rahisi. Waliobuki waingie. Wasiobuki waandike jina kwenye orodha ya kungoja. Aliyebuki akichelewa dakika kumi na tano, unaachia meza yake, unaita jina la kwanza kwenye orodha. Bila huruma."
Nikamuuliza, "Na huruma ikinishika?"
"Ipeleke chooni, urudi."

Sasa sikiliza kilichotokea Jumanne.

Alikuja bwana mmoja mwenye kofia nyekundu, mkewe nyuma yake, na mabinti wawili wamevaa mataji ya plastiki. Akaniambia, "Hobgood. Watu wanne, saa saba." Nikatazama. Kwenye kompyuta hakuna Hobgood. Nikatazama saa nane, nikatazama kesho yake. Hakuna.
"Tazama tena," akasema. "Nilibuki mimi mwenyewe."
Mkewe akasema polepole, "Gary. Ulisema umebuki."
"Nimebuki! Ni mashine yao hii!"

Lorna, bega lake la kushoto lilipanda. Lilipanda peke yake, kama bega la mtu anayesikia baridi upande mmoja. Akanitazama, na mimi nikamtazama, na nikajua. Hakubuki. Alidhani atafika, atatabasamu, atamtania mtu wa mlangoni, na mlango utafunguka, kwa sababu maisha yake yote milango imemfungukia hivyo. Sasa amesimama mbele ya wanawake watatu anaowapenda, na mdomo wake umeshasema, hauwezi kurudi.

Nikafanya nini? Nikamgeukia mkewe nikasema, "Samahani sana, mama, mashine yetu imepoteza jina lenu." Nilimpa uongo wangu mwenyewe, bado una joto. Nikawaandika kwenye orodha, na baada ya saa moja na nusu wakapata meza ya karibu na jiko. Walipotoka, yule bwana alinishika mkono akasema, "Asante, mzee." Hakuweza kunitazama usoni. Nilikwenda chooni, nilikoambiwa nipeleke huruma, nikakaa huko mpaka Ivelisse akagonga.

Sikubuki, Lorna. Hakuna mashine iliyopoteza kitu. Ulinikumbusha mara mbili kwa simu, na mara zote mbili nikakwambia tayari. Haikuwa tayari. Nilikuwa nimejazwa kiburi cha miaka arobaini ya kuingia kwa kutabasamu. Tulipofika pale, kijana wa mlangoni akasema hakuna, bega langu likapanda, nikasema mashine. Mama yako akasema, "Haya basi, nina njaa ya paja la bata mzinga." Na wewe? Ulilitazama bega langu.

Huo ndio ukweli. Hauna mkia.

Baba yako,
Delbert Spurlock


Kissimmee
Agosti 15

Lorna,

Wiki tano hujaandika. Sikulaumu. Nakuandikia kukupa habari tu, kama mtu anavyoacha barua kwenye mlango uliofungwa.

Nimebuki.

Leo, asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri. Siku ya kuzaliwa ya mama yako ni Oktoba kumi na nne, na siku sitini kabla ya hiyo ni leo. Nafasi zinafunguliwa saa kumi na mbili kamili. Simu yangu inaweza kupiga na kukatika, basi, kwa hiyo Ivelisse alikuja kwangu na yake, kwenye siku yake ya mapumziko, nywele zimefungwa kitambaa, akaketi kwenye ngazi ya nyumba yangu ya magurudumu. Akaniambia nitelezeshe kidole. Nikateleza. Tukabuki ziara ya kuwalisha pomboo. Akaifuta akinitukana kwa lugha ya kwao, na yule kasuku wa jirani akayadaka maneno yote, sasa ni msomi wa lugha mbili.

Mara ya pili tukapata. Spurlock, watu wawili, Oktoba 14, saa sita na dakika kumi mchana, dirisha la mwisho. Nina miaka sabini na saba na ni mara ya kwanza kuiandikia njaa yangu tarehe. Ni kitu cha ajabu. Tangu asubuhi natembea kama mtu mwenye siri. Sikujua kwamba wenzangu wote hawa wanaopanga huwa wanakula siku sitini kabla ya kula. Mama yako angefurahi siku zote hizo sitini. Hilo ndilo nililomnyima. Chakula chenyewe kilikuwa kuku tu na mchuzi.

Usijibu kama hutaki. Meza ipo.

Baba


Corbin
Septemba 2

Baba,

Nimeanza barua hii mara nyingi kuliko wewe.

Nilijua. Unadhani mtu anayeandika miadi kutwa hawezi kujua nani hajaandikwa? Wiki mbili kabla ya safari ile nilipiga simu mgahawani, nikauliza jina la Spurlock. Wakasema halipo. Yule dada akaniambia, "Lakini una bahati, kuna mtu ameacha meza sasa hivi, saa tano na nusu, dirishani. Nikuwekee?"

Simu ilikuwa mkononi mwangu, Baba. Kadi ya benki ilikuwa mezani. Nikasema hapana, asante.

Nilitaka Mama akuone. Maisha yangu yote nilikuona ukiingia kila mahali kwa mzaha, na Mama akicheka, na mimi nikibaki nyuma nikibeba mifuko, nikijua nani atachoka, nani atalala njaa, nani atasahau dawa. Nikasema safari hii acha mlango usikufungukie. Acha Mama aone. Sikufikiri juu ya benchi. Sikufikiri juu ya mtungi. Na yeye wala hakukuona vibaya, alikula akalamba vidole, akasema lile paja lilikuwa tamu kuliko kuku wa malkia yeyote. Mimi ndiye niliyesimama pale na siri tumboni.

Halafu akafa, na ikawa rahisi zaidi kukukasirikia wewe.

Siahidi kuja. Huwa siahidi kitu nisichoweza kukitimiza, na hili sijui kama naliweza. Usininunulie tiketi. Usinipangie chochote.

Mashine ya nyasi nimeipiga teke. Imekubali.

Lorna


Kissimmee
Septemba 10

Lorna wangu,

Basi tuko wawili. Mimi sikubuki, wewe hukubuki, na tulilala nyumba moja usiku ule, kila mmoja akiugeukia ukuta wake, kama wezi wawili walioiba kuku mmoja bila kuambiana.

Huna deni kwangu. Mwenye haki ya kukasirika alilamba vidole.

Meza ipo.

Baba


Kissimmee
Oktoba 14, saa nane mchana

Lorna,

Nakuandikia nikiwa bado na tai shingoni.

Leo niliomba ruhusa kazini nikaenda kama mteja. Nilivaa suti ya mazishi, kwa kuwa ndiyo pekee niliyo nayo, nikatia kitambaa cha njano mfukoni ili isionekane ya mazishi. Nilifika saa tano. Nilikaa kwenye benchi lile lile. Kila mwanamke mrefu aliyekuja na mkoba begani nilisimama, na magoti yakanikumbusha kuwa yapo.

Saa sita na dakika kumi nikaenda mlangoni. Ivelisse mwenyewe alikuwa kwenye kimeza changu.
"Mmoja amefika," nikamwambia. "Mwingine anaegesha gari."
Bega langu halikupanda. Nilikuwa naamini kweli.

Tukangoja.
"Don Delbert, ni sita na ishirini."
"Saa yako inakimbia."
"Saa yangu ni ya kompyuta."
"Basi kompyuta inakimbia. Zimezoea kupoteza vitu."
Hakucheka. Aliangalia viatu vyangu, alijua nimevipiga rangi. Akasema, "Naweza kuangalia pembeni. Dakika kumi zaidi. Kwa ajili yako."

Nikageuka nikaiona orodha ya kungoja. Jina la kwanza lilikuwa la mama mmoja wa Alabama na binti yake mtu mzima, wamekaa ukutani tangu saa nne. Mama anapumulia mdomo kwa joto, binti anampepea kwa ramani ya bustani. Hawakubuki. Miaka yote nimekuwa mtu wa kuomba dakika kumi zaidi, Lorna.

Nikasema, "Achia."
"Una hakika?"
"Ishirini na tano imefika. Bila huruma, si ulinifundisha wewe?"

Nikawaona wanaketi dirishani. Mama alipowaona farasi alipiga makofi. Nikanunua paja la bata mzinga, nikalishikilia muda mrefu, sikuweza. Nimekuja nalo kwenye karatasi, liko hapa mezani, linanitazama kama lile yai la pili.

Sikulaumu, mwanangu. Hukuahidi. Nataka tu ujue nilivyongoja. Nimeona wewe umengoja hivi maisha yako yote, ukibeba mifuko, na sikuwahi kujua kungoja kunauma sehemu gani. Sasa najua. Kunauma hapa, chini ya tai.

Nyasi za Novemba hazioti. Pumzika.

Baba


(Kikaratasi cha orodha ya kungoja, kimeandikwa kwa haraka, kimeletwa na dereva wa basi la wafanyakazi. Oktoba 14.)

Don Delbert,

Simu yako umeizima kama kawaida, nimepiga mara tisa. Nimempa dereva karatasi hii aje akupigie honi mlangoni, usimtukane.

Saa saba na nusu amekuja mwanamke mrefu, mkoba begani, uso mwekundu, anahema. Ameendesha gari kutoka Kentucky tangu jana. Hakubuki hoteli, amelala ndani ya gari. Hakubuki hata tiketi ya kuingilia, foleni ya getini imemla saa mbili nzima. Nikamuuliza, dada, mtu anakuja hapa bila kubuki chochote? Akasema, "Nilitaka nije kama anavyokuja baba yangu. Sijui anawezaje." Halafu akalia mbele ya foleni yangu yote.

Nimemwambia meza imeachiwa. Nimempa maji. Nimemwandika kwenye orodha, nikamwambia kuna nafasi ya mtu mmoja kaunta, aingie apoe. Amekataa. Amekaa kwenye benchi na paja la bata mzinga kwenye karatasi, hajaligusa. Amenipokonya kalamu, anataka kuandika chini hapa.

Vaa viatu.
Ivelisse

Baba, wananiambia hakuna nafasi. Nimewaambia haidhuru, baba yangu yuko njiani, na yeye hajawahi kukosa meza. Lorna